Wiki tano safarini, vipindi vitatu hewani: uchambuzi wa kisa cha podikasti ya watu wawili

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na matatizo yanayojirudia kwa watengenezaji wa podikasti wanaosafiri. Hakimhusu mtu mmoja anayejulikana. Podikasti yenyewe ni ya mazungumzo. Kila kipindi kina dakika 40 na hutoka Jumatano saa 06:00 UTC (saa ya pamoja ya dunia, isiyobadilika kwa majira). Watangazaji ni wawili, na mhariri mmoja hulipwa kwa kipindi. Kwa kawaida hurekodi Jumamosi, mhariri hufanya kazi Jumapili na Jumatatu, na faili hupakiwa Jumanne. Mtangazaji mmoja, tutakayemwita msafiri, anaondoka kwa wiki tano na kupita vituo vitatu: hoteli ya mjini, nyumba ya ndugu yenye watu wengi, na mji mdogo wenye intaneti dhaifu. Mwenzake amebaki nyumbani.

Msafiri alibeba kompyuta mpakato, maikrofoni ya USB ya aina ya kondensa, na hedifoni za Bluetooth. Kipindi cha akiba kilichokamilika kilikuwa kimoja. Mpango wao ulikuwa mfupi: tuendelee kama kawaida, ila kwa intaneti.

Wiki ya kwanza kipindi kilitoka kwa wakati, lakini sauti ya msafiri ilisikika ya mbali, yenye mwangwi, na chini yake kulikuwa na mvumo uliokuja na kukatika. Wiki ya pili hawakukutana kabisa, wakatoa kile cha akiba. Wiki ya tatu walizungumza vizuri kwa dakika 55, ila traki ya msafiri (rekodi ya sauti yake peke yake) ilimfikia mhariri Alhamisi ikiwa imekatika dakika ya 38, kipindi hakikutoka. Wiki ya nne walipishana kwa saa nzima, wakarekodi kwa haraka, kisha msafiri akashindwa kuingia kwenye akaunti ya kuchapishia. Kipindi kikatoka Ijumaa. Wiki ya tano hakuna kilichorekodiwa.

Ukiitazama orodha hiyo juu juu utalaumu maikrofoni na intaneti. Tatizo lilianza kabla ya hapo. Kila kipindi kilitegemea vitu vitatu vipatikane mahali pamoja kwa wakati mmoja: ukimya, mtandao mzuri, na watu wawili wenye nguvu ya kuzungumza. Nyumbani vitu hivyo hukaa pamoja bila mtu kuvipanga. Safarini hutawanyika: ukimya unapatikana alfajiri, mtandao uko sebule ya chini ya hoteli, na nguvu ya kuzungumza inarudi siku ya pili au ya tatu baada ya kufika. Mpango wa podikasti ya safarini ni ule unaoruhusu kila kimoja kitumike pale kilipo, bila kungoja kingine.

Mwangwi na mvumo wa wiki ya kwanza

Maikrofoni ya kondensa husikia vizuri mno. Kwenye chumba chenye zulia, pazia na rafu za vitabu hilo ni jambo jema. Kwenye chumba cha hoteli chenye sakafu ya vigae, kioo kikubwa na kuta tupu, inarekodi chumba kizima pamoja na msemaji. Msafiri aliiweka mezani, sentimita 40 hivi kutoka mdomoni, nyuma ya kompyuta. Kwa umbali huo sauti iliyogonga ukuta na kurudi inakuwa na nguvu karibu sawa na ile inayotoka mdomoni moja kwa moja.

Dawa ya kwanza ni umbali, na haina gharama. Ukisogea kutoka sentimita 30 hadi sentimita 10, sauti ya moja kwa moja hupanda takriban desibeli 9.5 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), huku mwangwi wa chumba ukibaki ulivyo. Ni vigumu kwa programu ya kuondoa mwangwi kukupa matokeo hayo bila kuharibu sauti. Ukikaribia kiasi hicho, zungumza kwa pembe kidogo, maikrofoni ikiwa upande wa shavu, ili pumzi za herufi P na B zisiipige uso kwa uso. Sponji ya kuzuia upepo isisahaulike nyumbani.

Dawa ya pili ni mahali pa kukaa. Elekea kabati la nguo lililo wazi na lenye nguo, au kitanda kilichorundikwa mito na blanketi. Mgongo uelekee pazia zito. Usirekodi bafuni hata kama ndiko kulikotulia. Wengine hujifunika blanketi zito kichwani pamoja na maikrofoni. Inafanya kazi, lakini baada ya dakika 15 joto linaanza kusikika kwenye sauti, kwa hiyo iwe kwa matangazo mafupi na marekebisho tu.

Mvumo uliokuja na kukatika ulikuwa wa jokofu dogo la chumbani. Mota ya jokofu huwaka na kuzima yenyewe, na ndiyo maana inamsumbua mhariri kuliko kelele isiyobadilika: programu ya kusafisha sauti hujifunza kelele kutoka kipande kimoja, kisha dakika tano baadaye kelele imekuwa nyingine. Zima jokofu, na weka ufunguo wa chumba ndani yake ili usiondoke bila kuliwasha tena. Kiyoyozi kizimwe dakika kumi kabla. Chaja ya kompyuta pia ichomolewe, kwani chaja nyingi huingiza mvumo wa umeme kwenye maikrofoni za USB. Kompyuta iliyojaa chaji inatosha kwa saa moja ya kurekodi. Baada ya yote hayo, kaa kimya sekunde 30 huku rekodi ikiendelea. Mhariri anakihitaji kipande hicho cha chumba kitupu kwa kusafisha na kwa kuziba mapengo. Akisafisha, apunguze kelele desibeli 6 hadi 10 hivi. Zaidi ya hapo sauti huanza kusikika kama imetoka chini ya maji, na ni rahisi kwa msikilizaji kuvumilia kelele kidogo kuliko sauti ya namna hiyo.

Hedifoni za Bluetooth nazo zina mtego wao. Zikitumika kusikilizia tu, kasoro yake kubwa ni kuchelewa kidogo kwa sauti. Lakini kompyuta nyingi, pindi simu ya video inapoanza, huchagua maikrofoni iliyo ndani ya hedifoni hizo bila kuuliza. Hapo Bluetooth huhamia hali ya simu, ambayo sampuli zake, yaani mara sauti inavyopimwa, ni 8,000 au 16,000 kwa sekunde, wakati rekodi ya kawaida ni 48,000. Sauti inakuwa ya simu ya mezani, na haiwezi kurudishwa. Hedifoni za waya zinaondoa tatizo lote hili, nazo hazihitaji chaji.

Kwa safari kama hii tungeiacha kondensa nyumbani na kubeba maikrofoni ya dainamiki, isiyo nyepesi kunasa chumba kizima na inayosikia upande mmoja, pamoja na rekoda ndogo inayotumia kadi ya kumbukumbu. Rekoda inaondoa kompyuta kwenye hatua ya kurekodi, na hilo ndilo faida yake kubwa kuliko ubora wowote wa sauti. Weka sampuli 48,000, biti 24 (undani wa kila sampuli), traki moja, na vilele vya sauti vifike karibu desibeli -12, yaani 12 chini ya kikomo cha rekoda. Rekoda za biti 32 za nukta inayoelea (32-bit float) husamehe makosa ya kiwango cha kuingiza sauti, ila hazisamehi maikrofoni yenyewe ikizidiwa kwa kupigiwa kelele.

Faili lililofika Alhamisi

Wiki ya tatu inastahili kuchambuliwa kwa hesabu, kwa sababu hesabu hiyo ingewezekana kufanywa kabla ya kuondoka.

Walitumia huduma ya kivinjari ambayo hurekodi kila mtu kwenye kompyuta yake na kupakia vipande kidogo kidogo mazungumzo yakiendelea. Ni mbinu nzuri: intaneti ikikwama, mazungumzo hukatika masikioni mwa watu, lakini rekodi inabaki safi. Sharti ni moja. Baada ya kuaga, kichupo cha kivinjari kibaki wazi hadi upakiaji uishe. Kwenye mtandao dhaifu vipande huachwa nyuma, na msafiri alifunga kompyuta akidhani kazi imekwisha. Vipande vilivyosalia vilikuwa kwenye hifadhi ya muda ya kivinjari. Baadaye alifuta historia ya kivinjari ili kupata nafasi, navyo vikaenda.

Sasa ukubwa. Traki moja ya WAV (faili la sauti lisilobanwa) yenye sampuli 48,000 na biti 24 hula megabaiti 8.64 kwa dakika. Dakika 55 ni megabaiti 475. Kasi ya kupakia katika mji ule ilikuwa megabiti 0.8 kwa sekunde, yaani megabaiti 0.1. Faili hilo linahitaji dakika 79 za mtandao usiokatika. Waifai ya nyumba za wageni mara nyingi hukutoa na kukutaka uingie upya baada ya muda fulani, na upakiaji usiojua kuendelea pale ulipoishia huanza tena sifuri. Tena, programu nyingi hurekodi maikrofoni ya USB kama stereo, pande mbili zenye sauti ileile. Hapo megabaiti huwa 950 bila faida yoyote.

Badilisha faili hilo kuwa FLAC na ukubwa hupungua kwa karibu nusu au zaidi, bila kupoteza chochote. Traki ya mtu mmoja kwenye mazungumzo ina kimya kingi, na kimya hubanwa vizuri. MP3 ya kilobiti 192 kwa sekunde, kwa sauti ya upande mmoja, ni megabaiti 79, dakika 13 hivi za kupakia. Opus, aina nyingine ya faili lililobanwa, ya kilobiti 64 ni megabaiti 26, chini ya dakika tano.

Kutokana na hesabu hiyo ratiba inajiandika. Usiku wa kurekodi, tuma Opus au MP3 kwa data ya simu ili mhariri aanze kukata. FLAC ipakie siku inayofuata popote penye mtandao imara, kwa huduma inayoendelea pale ilipokatika. Mhariri akibadilisha faili, aangalie mwanzo wake: MP3 huongezewa kimya cha makumi ya milisekunde mwanzoni, hivyo traki mpya haitakaa sawasawa juu ya ile ya kwanza bila kusogezwa. Na kama FLAC haikufika hadi Jumanne mchana, MP3 ya kilobiti 192 itumike bila majuto. Msikilizaji atapata kilobiti 96 au 128 hata hivyo.

Faili zisitumwe kama ujumbe wa sauti kwenye programu za kuchati. Ujumbe wa sauti hubanwa sana njiani. Faili hilohilo likitumwa kama hati hufika lilivyo.

Kilichokatika dakika ya 38 kingegunduliwa siku ileile iwapo mtu angesikiliza dakika ya mwisho. Faili likiharibika wakati wa kuhama, mara nyingi mwisho ndio unaokosekana, na watu hujaribu mwanzo, wakasikia "habari za leo" na kuridhika. Kanuni nzuri ni kwamba kadi ya rekoda haifutwi mpaka mhariri athibitishe kuwa amesikiliza dakika ya mwisho ya kila traki. Kwa wakati huo kuwe na nakala tatu: kwenye kadi, kwenye kompyuta au simu, na kwa mhariri. Kadi moja ya ziada kwa kila wiki ya safari ni rahisi kubeba kuliko kurudia mazungumzo.

Traki mbili zinazoachana polepole

Mhariri alipojaribu kuokoa kipande kilichopatikana, alikuta kicheko cha mwenzake kikija kabla ya utani wenyewe. Kila kifaa kina saa yake ya ndani, na hakuna saa mbili zinazoenda sawa kabisa. Tofauti ya sehemu 30 katika milioni inaonekana ndogo. Kwa dakika 55 inafikia milisekunde 99, sehemu ya kumi ya sekunde, na kwenye mazungumzo hiyo inatosha watu waonekane wanakatana maneno. Wote wawili wapige kofi moja mwanzoni, wakihesabu pamoja, na kofi jingine mwishoni. Mhariri analinganisha la mwanzo, anapima pengo la mwisho, kisha anavuta traki moja kwa asilimia 0.003. Bila kofi la mwisho atakuwa anakisia. Asiyekuwa na kofi anaweza kukata traki kwenye vimya kila dakika kumi na kusogeza, kazi ya kuchosha isiyo na sababu.

Saa na nywila

Kupishana kwa wiki ya nne kulitokana na mabadiliko ya saa ya majira. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, nchi nyingi za Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Katikati, tofauti ya kawaida hubadilika: London na New York, ambazo huachana saa tano, huachana nne. Vuli hali hiyo hujirudia kwa wiki moja, kwa kuwa Ulaya hurudisha saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba na Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Andikeni miadi kwa UTC na kwa tarakimu za saa 24. "Saa moja usiku" inaweza kueleweka na kila mtu na bado ikawa ya nchi nyingine. 19:00 UTC haina mbili.

Kufungiwa nje ya akaunti kungeweza kuzuiwa kwa dakika chache za maandalizi. Huduma ya kuhifadhi podikasti iliona mtu anaingia kutoka nchi ngeni, ikatuma msimbo kwa SMS kwenye laini ya nyumbani, laini ambayo msafiri alikuwa ameitoa ili aweke ya huko. Kabla ya safari, hamisha uthibitisho kwenda programu ya misimbo inayofanya kazi bila mtandao wa simu, chapisha misimbo ya dharura kwenye karatasi, na mpe mhariri akaunti yake mwenyewe ya kupakia. La mwisho ndilo muhimu zaidi. Msafiri hakuwa na sababu yoyote ya kuwa ndiye anayebonyeza kitufe cha kuchapisha.

Mhariri akiwa na ruhusa hiyo, vipindi vyote vilivyo tayari vipangiwe tarehe mapema, baada ya kuangalia eneo la saa lililowekwa kwenye akaunti. Ikionekana kasoro baada ya kutoka, badilisha sauti ndani ya kipindi kilekile. Ukikifuta na kutengeneza kingine, mlisho wa RSS hukipa kitambulisho kipya, na programu za wasikilizaji hukipakua kama kipindi tofauti.

Mpango ambao ungesimama

Wiki tano zinahitaji vipindi vitatu vya akiba, si kimoja. Vinarekodiwa katika vikao viwili kabla ya safari. Zaidi ya vipindi viwili kwa siku moja mazungumzo hupwaya na sauti hukwaruza. Mada zisiwe za matukio, na maneno kama "wiki iliyopita" na "jana" yaepukwe ili mhariri aweze kubadilisha mpangilio. Kimoja kati ya hivyo hakiguswi mpaka iwe lazima.

Wiki tatu zilizobaki zipewe umbo dogo: dakika 12 hadi 15, msafiri peke yake, hoja tano kwenye kadi, rekoda mkononi. Umbo hilo halihitaji intaneti wakati wa kurekodi wala saa ya pamoja. Mwenzake anaweza kujibu kwa rekodi yake ya dakika tano siku mbili baadaye, na mhariri akaziunganisha. Wengi hulikataa wazo hili kwa hofu kwamba wasikilizaji watalalamika kuhusu ufupi. Kinachowakera wasikilizaji zaidi ni kutojua, kwa hiyo tangazo la dakika moja litoke wiki moja kabla, likieleza kitakachobadilika na tarehe ya kurudi kwa umbo la kawaida. Na kama akiba haikupatikana, mapumziko ya wiki mbili yaliyotangazwa ni bora kuliko vipindi viwili vya haraka. Podikasti nyingi zingepata sifa nzuri zaidi kwa kunyamaza kwa heshima.

Siku ya kufika kila kituo isipangiwe kurekodi. Hewa ya ndege ni kavu na sauti hubaki kavu kesho yake. Akili nayo bado iko kwenye saa za kule ilikotoka. Siku hiyo itumike kupima: kasi ya kupakia, si ya kupakua, kwa nyakati mbili tofauti, kelele za chumba usiku na alfajiri, na jaribio la dakika moja lililotumwa kwa mhariri. Nyumba ya ndugu ina ukimya wake, kwa kawaida kabla watoto hawajaamka, na ni rahisi kuomba nusu saa ukieleza mapema kuliko kuwanyamazisha watu katikati.

Kwenye begi la mkononi kuwe na pawabenki ya mAh 20,000, ambayo kwa volti 3.7 ni Wh (wati-saa) 74, chini ya kikomo cha Wh 100 kinachotumiwa na mashirika ya ndege kwa jumla. Pawabenki haziruhusiwi kwenye mizigo inayopakiwa chini. Rekoda iwe na betri mpya kila kikao, kwa sababu baadhi ya rekoda zikizimika ghafla huacha faili lisilofunguka.

Mhariri alete vipindi vyote, vya nyumbani na vya safarini, kwenye kiwango kimoja: LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama masikio yanavyousikia) -16 kwa stereo au -19 kwa mono, yaani upande mmoja, kilele halisi kisizidi desibeli -1. Kipindi kifupi cha safarini kikitoka chini zaidi ya kawaida, msikilizaji atapandisha sauti, kisha tangazo la mwisho limshtue.

Kile kipindi cha tatu cha akiba kina kazi yake hata kama wiki tano zimepita salama. Msafiri anarudi Jumapili, kipindi ni Jumatano, na Jumamosi ya kurekodi ilipita akiwa njiani. Wiki ya sita ndiyo inayokosekana kwenye mipango mingi, kwani kalenda ya safari huishia siku ya ndege ya kurudi. Kiachiwe wiki hiyo, kipangiwe tarehe kabla ya kuondoka, na kikao cha kwanza cha pamoja kiwekwe Jumamosi inayofuata.